Maji ya Shamba na Homa ya Malaria

1. Uwanda wa Ruzizi

Mto Ruzizi hutoka katika Ziwa Kivu, pale Bukavu. Hushuka kwa nguvu kati ya milima, hufika katika uwanda mpana wenye joto, na mwisho huingia katika Ziwa Tanganyika. Ziwa Kivu liko juu, karibu mita 1460 kupita usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko chini, karibu mita 770. Ndiyo maana msafiri anayetoka Bukavu asubuhi akiwa amevaa koti hulivua kabla ya kufika Sange.

Uwanda huo una rutuba. Upande wa magharibi uko Kongo, upande wa mashariki uko Burundi, na kipande kidogo kule juu kiko Rwanda. Watu hulima mpunga, mahindi, mihogo na maharage. Mito midogo hushuka kutoka milimani, na wakulima huongoza maji yake kwa mifereji mpaka ndani ya mashamba ya mpunga.

Mpunga ni mali. Gunia la mpunga hulipa shule, hununua nguo na chumvi, huezeka nyumba kwa mabati. Mwenye shamba la mpunga haogopi sana mwezi wa njaa.

Lakini maji yale yale huleta jambo jingine. Wakati miche ya mpunga ingali midogo na jua linang'aa juu ya maji, mbu huanza kuwa wengi. Majuma machache baadaye, mabenchi ya kituo cha afya hujaa. Mama hukaa na watoto migongoni, na watoto wana joto kama jiwe la jikoni.

Je, yafaa watu waache kulima? Hapana. Njaa nayo huua. Yafaa mkulima ajue namna maji ya shamba yanavyozaa mbu, na namna ya kuyatawala maji hayo.

2. Homa hii hutoka wapi?

Zamani watu wengi walisema kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya mabwawa. Jina lenyewe lasema hivyo: kwa lugha ya Italia, «mala aria» maana yake ni hewa mbaya. Wengine walisema huletwa na jua kali, au na mvua, au na maembe mabichi. Wengine walimshtaki jirani kwa uchawi, na ugomvi ukaingia kijijini.

Wale waliosema juu ya mabwawa waliona nusu ya kweli. Waliona kwa macho yao kwamba homa hupenda kukaa karibu na maji yaliyosimama. Hawakujua ni kitu gani katika maji hayo kilicholeta ugonjwa.

Mwaka 1880, Alphonse Laveran, mganga wa jeshi la Ufaransa, alikuwa akifanya kazi Algeria. Alitazama damu ya mgonjwa kwa darubini, akaona ndani yake vijidudu vyenye uhai. Mwaka 1897, Ronald Ross, mganga wa jeshi la Waingereza kule India, alimpasua mbu aliyenyonya damu ya mgonjwa. Akaviona vijidudu hivyo katika tumbo la mbu. Mwaka 1898, Giovanni Battista Grassi na wenzake walionyesha kule Italia kwamba mbu anayempa mtu malaria ni wa jamii moja tu, jina lake anofele.

Basi hewa haina kosa. Maembe hayana kosa, na jirani hana kosa. Mwenye kosa ni mbu.

Mbu jike ndiye hunyonya damu, kwa sababu damu humsaidia kukomaza mayai yake. Hutaga mayai hayo juu ya maji. Baada ya siku mbili au tatu, mayai huanguliwa, na viluwiluwi hutokea. Viluwiluwi vya anofele hulala juu kabisa, mwili wote sawasawa na uso wa maji, kama kijiti kinachoelea. Viluwiluwi vya mbu wengine huning'inia, kichwa chini na mkia juu. Hivyo mwanafunzi mwenye macho mazuri aweza kuwatambua.

Tangu yai mpaka mbu anayeruka hupita siku 7 mpaka 14. Palipo na joto, siku hupungua. Palipo na baridi, huongezeka. Hesabu hii yafaa kukumbukwa, maana itatumika mbele.

Anofele akimnyonya mgonjwa, huvimeza vijidudu pamoja na damu. Katika nchi ya joto, vijidudu hukaa ndani ya mbu karibu siku 10 mpaka 14 kabla ya kuwa tayari. Baadaye mbu humwuma mtu mwingine, na vijidudu huingia katika damu yake. Mtu huyo haugui kesho yake. Mara nyingi hupita juma moja au mawili. Ndiyo maana hakuna mgonjwa anayeweza kuonyesha mbu aliyemwambukiza, na watu hutafuta sababu ya homa mahali pasipo na sababu.

3. Kazi za shamba zinazozaa mbu

Si kila maji humpendeza anofele. Maji yaendayo mbio mtoni humchukua viluwiluwi vyake. Maji machafu ya choo huzaa zaidi mbu wa namna nyingine. Anofele mkubwa wa malaria katika Afrika hupenda maji yaliyotulia, yasiyo na kina, yenye kupigwa na jua. Sasa, ni nani anayetengeneza maji ya namna hiyo kila mwaka? Mara nyingi ni mkulima mwenyewe, bila kujua.

Shamba la mpunga. Miche ikiisha kupandwa, maji hutulia kati ya mistari, na jua huyafikia yote. Hapo anofele hutaga kwa wingi. Mpunga ukirefuka na kutia kivuli, mbu huyo hupungua, lakini anofele wa namna nyingine, anayependa maji yenye majani, aweza kumfuata. Katika miaka ya 1980, mtaalamu Marc Coosemans alifanya kazi katika uwanda wa Ruzizi, upande wa Burundi. Alilinganisha vijiji vilivyolima mpunga na vijiji vilivyolima pamba. Ni uwanda mmoja na jua moja, lakini katika vijiji vya mpunga aliona anofele wengi zaidi na malaria nyingi zaidi.

Mabonde ya milimani. Juu ya uwanda, penye Walungu na Kabare, watu hulima katika mabonde yenye maji. Zamani mabonde ya namna hiyo yalifunikwa na mafunjo marefu. Mafunjo hufanya kivuli, na maji yake hubaki ya baridi. Kule Kabale, katika milima ya Uganda, wataalamu walipima joto katika vijiji vilivyo kando ya mabonde. Mwaka 2000 walitangaza waliyoyaona: penye mafunjo yaliyokatwa na bonde kulimwa, palikuwa na joto kidogo zaidi kuliko penye mafunjo yaliyobaki. Joto kidogo ni neno kubwa kwa mbu, maana hukua upesi, na vijidudu ndani yake hukomaa upesi. Hivyo homa hupanda mlima.

Mahindi. Mahindi hayahitaji maji yaliyosimama, lakini yakitoa maua, unga wake wa manjano huanguka katika vidimbwi vilivyo karibu. Wataalamu waliofanya kazi Ethiopia waliona kwamba viluwiluwi vya anofele hula unga huo, hunenepa, na hukua upesi.

Mashimo. Mfanya matofali huchimba udongo, huchoma matofali yake, huenda zake, na shimo hubaki. Mwenye mboga huchimba kisima kidogo cha kumwagilia, kisha hukisahau. Mtu huchimba bwawa la samaki, samaki huisha, bwawa huachwa. Hata nyayo za ng'ombe katika matope hushika maji, na nyayo moja tu yatosha kulea viluwiluwi.

Kibanda cha shambani. Mavuno yakikaribia, jamaa huhamia shambani ili kufukuza ndege na kuzuia wezi. Hulala katika kibanda kisicho na mlango, karibu kabisa na maji. Chandarua hubaki nyumbani, kijijini. Hivyo, katika majuma ambayo mbu ni wengi, watu hulala bila kinga.

Sumu ya wadudu. Wakulima wengine hupiga dawa juu ya mashamba ili kuua wadudu waharibifu. Sehemu ya dawa huanguka majini. Viluwiluwi dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki, na hivyo ndivyo vinavyozaa. Baada ya miaka, mbu huzoea dawa. Kwa kuwa dawa za vyandarua mara nyingi ni ndugu za dawa za shamba, mbu aliyezoea shambani haogopi sana nyumbani. Kwa hiyo sumu isipigwe ovyo, bali pale tu inapohitajiwa, kwa kipimo kilichoandikwa.

4. Homa nayo hula shamba

Shamba laweza kuleta homa. Homa nayo yaweza kula shamba. Jambo linalosimuliwa hapa hutokea kila mwaka katika vijiji vingi vya mpunga.

Baba mmoja alikuwa na shamba zuri. Mpunga ulikuwa umeiva, na ndege walikuja makundi makundi tangu alfajiri. Jamaa yote ilihamia katika kibanda: baba, mama, nyanya, kijana wa darasa la tano, na mtoto wa kike wa miaka mitatu.

Siku ya tisa mtoto alianza kulalamika. Hakutaka bugali. Jioni alitetemeka, kisha akawaka moto.

Kijana alisema: «Baba, mtoto ana joto sana. Mwalimu alitufundisha kwamba homa ya namna hii haingoji.»

Baba akajibu: «Ni jua la shamba. Nawe ulichomwa na jua, ukapona. Keshokutwa tunaanza kukata. Tukiondoka leo, ndege watatumalizia mpunga, na tutalipa kituo cha afya kwa nini? Tukiisha kuuza, tutampeleka.»

Mama alinyamaza. Alimlowesha mtoto kwa kitambaa chenye maji, naye aliendelea kuwaka. Katikati ya usiku mtoto alitapika, akawa haitiki vizuri anapoitwa.

Hapo nyanya akaamka, akaketi. Alisema polepole: «Mwanangu, mimi nilizika watoto wawili katika mwezi wa mavuno. Mpunga wa mwaka ule ulikuwa mwingi. Sikumbuki hata tuliuuza bei gani. Mpunga ukiliwa na ndege, utaota tena mwakani. Mtoto haoti tena.»

Baba hakujibu neno. Alichukua baiskeli ya jirani, mama akapanda nyuma na mtoto kifuani, wakaenda gizani.

Katika kituo cha afya mganga alichoma kidole cha mtoto, akatia tone la damu katika kipimo. Baada ya dakika chache mistari miwili ilionekana: malaria. Alimpiga sindano usiku ule ule, akamweka kitandani. Mpaka siku ya pili jioni hakuna aliyejua kama mtoto atabaki. Siku ya tatu aliomba uji.

Mganga akamwuliza baba: «Mzee, chandarua mlichopewa mwaka jana kiko wapi?»

Baba akatazama chini. «Kiko nyumbani, mganga. Tumefunika kitalu cha mboga, kuku wasiharibu.»

Mganga hakumfokea. Alisema tu: «Basi, mwaka huu mboga zimelala vizuri kuliko mtoto.»

Waliporudi, waliona kwamba majirani wamesaidia kufukuza ndege, lakini sehemu moja ya shamba ilikuwa imekwisha liwa. Walipata magunia machache kuliko mwaka uliotangulia. Baba hakulia juu ya magunia hayo. Jioni ile ile alikiondoa chandarua juu ya mboga, mama akakifua na kushona matundu yake, wakakitundika mahali panapolala watoto.

Jamaa hii ilipata bahati. Nyingine hazikupata. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba katika mwaka 1 tu, mwaka 2023, watu karibu 597 000 walikufa kwa malaria ulimwenguni. Sehemu kubwa kabisa walikuwa watu wa Afrika. Katika Afrika, karibu watatu katika kila wanne waliokufa walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Na kati ya nchi zote, Nigeria ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi zaidi, Kongo ikafuata.

Wasiokufa nao hupata hasara. Mvua huleta majani mabaya shambani, nayo huleta mbu. Hivyo homa hufika katika siku zile zile za kupalilia. Baba akilala mgonjwa, jembe hulala naye. Mtoto akiugua, mama hukaa kando yake, na shamba la mama humezwa na majani. Palizi ikichelewa, mavuno hupungua. Mavuno yakipungua, fedha ya kuponya homa ya mwaka ujao hukosekana. Ugonjwa huleta umaskini, na umaskini huleta ugonjwa.

5. Mkulima awe bwana wa maji

Ile hesabu ya siku sasa itatumika. Mbu huhitaji siku 7 au zaidi ndani ya maji. Maji yakiondoka kabla, viluwiluwi haviwi mbu. Yeye anayetawala maji ya shamba lake huweza kupunguza mbu wengi kabla hawajapata mabawa.

Kwanza, kusawazisha shamba. Shamba lisilo sawa hubaki na vidimbwi hata maji yakifunguliwa. Lililosawazishwa hutoa maji yote. Faida ni mbili, maana mpunga nao huota sawasawa.

Pili, kukausha kwa zamu. Miche ikiisha kushika vizuri, mkulima hufunga mfereji na kutoa maji, mpaka udongo uonekane na kukauka vizuri, kisha huyarudisha. Hufanya hivyo tena na tena, kabla ya viluwiluwi kukomaa. Lakini mpunga unapotoa maua haufai kukosa maji. Na maji yakipungua, majani mabaya huongezeka. Kwa hiyo palizi ifanyike vema.

Tatu, kupanda pamoja. Kila mmoja akipanda kwa wakati wake, kijijini pana maji yenye jua miezi yote. Wenye mashamba wa mfereji mmoja wakikubaliana kupanda katika juma moja, siku za mbu hupungua, na ndege nao hugawanyika.

Nne, kusafisha mifereji. Mfereji wenye majani na matope husimamisha maji. Uliosafishwa huyapeleka mbio.

Tano, kufukia mashimo. Mfanya matofali afukie shimo lake, au aligeuze kuwa bwawa la samaki lenye kingo safi. Tilapia wadogo hula viluwiluwi. Bwawa lililoachwa litolewe maji.

Sita, kuacha mafunjo. Katika bonde la mlimani si lazima kukata yote. Sehemu iliyo karibu na nyumba ibaki na mafunjo yake.

Kazi hizi hazimfai mtu mmoja. Mtu akifukia shimo lake na jirani akaacha lake, mbu hauulizi mpaka. Kwa hiyo vijiji vyenye akili hufanya salongo: siku moja ya juma, wote hutoka na majembe, kutoka nyumba ya chefu mpaka nyumba ya mwisho.

Hata hivyo, ukweli usemwe: hakuna mtu awezaye kufukia kila nyayo ya ng'ombe katika mwezi wa mvua. Kazi za maji hupunguza mbu, lakini haziwamalizi. Wanaobaki hufika usiku.

6. Kinga ya usiku

Anofele huuma zaidi usiku, hasa watu wanapolala. Kinga ya kwanza ni chandarua chenye dawa. Mbu akikigusa, hufa au hukimbia. Kazi ya chandarua ni moja: kufunika watu wanaolala. Kando ya Ziwa Tanganyika watu wengine hukitumia kuvua ndagala. Hivyo hupoteza mara mbili. Watoto wao hulala wazi, na matundu yake madogo hukamata hata samaki wachanga ambao wangekuwa chakula cha mwakani.

Jamaa wakihamia shambani, chandarua nacho kihamie. Hukunjwa, huwekwa kikapuni pamoja na sufuria, hutundikwa kibandani kwa kamba nne. Watoto wadogo na mama wenye mimba walale ndani yake kwanza, maana homa huwaumiza kupita wengine. Mama mwenye mimba aende pia kupimwa, naye hupewa dawa ya kuzuia malaria.

Siku hizi kuna pia chanjo. Shirika la Afya la Ulimwengu liliipitisha chanjo ya kwanza mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023. Nchini Kongo kazi ya kuwachanja watoto ilianza Oktoba 2024, katika mkoa wa Kongo-Central. Chanjo hupunguza ugonjwa mkali, lakini haiondoi haja ya chandarua.

Huko Moshi, Tanzania, wataalamu waliona zamani kijiji cha mpunga chenye mbu wengi kuliko jirani zake, lakini chenye malaria kidogo kuliko wao. Walieleza kwamba mpunga ulileta fedha, na fedha ilinunua chakula bora, dawa na vyandarua. Lakini tangu vyandarua vimegawanywa kwa vijiji vyote, maskini na matajiri, mambo yamegeuka. Mwaka 2022 wataalamu walikusanya habari za nchi nyingi za Afrika, wakaona kwamba sasa vijiji vya mpunga vina malaria zaidi kuliko vingine. Basi mali peke yake haitoshi. Lazima pia kutawala maji.

7. Mimea inayoponya

Mimea nayo imewapa watu dawa kubwa mbili za malaria.

Dawa ya kwanza ilitoka katika mti wa kinkina, unaoota katika milima ya Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1600, mapadri Wajezuiti walipeleka gamba lake Roma, na watu wakaliita unga wa Wajezuiti. Mwaka 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa katika gamba hilo dawa safi: kinini. Baadaye kinkina ilipandwa pia katika milima ya Kivu, na kiwanda cha Bukavu kimetengeneza kinini kwa miaka mingi.

Dawa ya pili ilitoka katika mmea mdogo wa China, artemizia. Mama mtaalamu Tu Youyou na wenzake walitoa dawa yake katika miaka ya 1970, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo, ikichanganywa na nyingine, ndiyo inayotolewa sasa katika vituo vya afya.

Wengine husema: «Basi tupande artemizia, tunywe chai yake, inatosha.» Haitoshi. Katika kikombe cha chai hakuna anayejua dawa ni kiasi gani. Ikiwa kidogo, homa hutulia, lakini vijidudu hubaki na kuzoea dawa. Mgonjwa apimwe damu, apewe dawa ya kweli, na aimalize yote, siku tatu kamili, hata kama siku ya pili anacheza.

Ufupi wa somo

Mungu alimpa mtu ardhi ailime na kuitunza. Kulima bila kutunza ni nusu ya kazi. Maji ya shamba hulisha watu, nayo hulea mbu. Mkulima mwenye akili huyaongoza na kuyakausha kwa wakati, huyafukia yasiyo na kazi, hulala ndani ya chandarua hata kibandani, na mtoto akiwaka moto humpeleka kupimwa siku ile ile. Mavuno huweza kungoja. Homa ya mtoto haingoji.

Maneno ya kufahamu

Viluwiluwi: watoto wa mbu wakaao majini.
Mafunjo: majani marefu ya mabwawa, yanayotumika kufuma mikeka.
Kitalu: mahali pa kuotesha miche.
Palizi: kazi ya kuondoa majani mabaya shambani.
Salongo: kazi ya wote kwa faida ya kijiji.

Maulizo

1. Mto Ruzizi hutoka wapi, nao huingia wapi?
2. Watu wa zamani walidhani malaria hutoka katika nini? Waliona kweli gani?
3. Ni mbu gani anayeleta malaria? Viluwiluwi vyake hulala namna gani juu ya maji?
4. Kwa nini kukausha shamba la mpunga kwa zamu hupunguza mbu? Ni wakati gani haifai kulikausha?
5. Kwa nini homa huweza kupanda mlimani mafunjo yakikatwa?
6. Baba wa hadithi alikuwa na sababu gani ya kungoja? Sababu hiyo ilikuwa ya kweli? Nyanya alimjibu nini?
7. Eleza maneno ya mganga: «Mboga zimelala vizuri kuliko mtoto.»
8. Kwa nini chai ya artemizia haitoshi kumponya mgonjwa?

Kazi ya kufanya

Wanafunzi wazunguke shule pamoja na mwalimu, wahesabu mahali pote maji yaliposimama. Kwa kikombe cheupe wachote maji na kutazama kama kuna viluwiluwi. Waandike: mahali gani paweza kufukiwa leo? Mahali gani pahitaji salongo ya kijiji? Kisha wafukie yale wanayoweza.